Maudhi ya dawa za akili wakati wa kupona ugonjwa wa ulaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi tena na tena kutoka kwa wagonjwa, wazazi na ndugu wanaoishi Mwanza na wilaya za kandokando ya Ziwa Victoria. Majibu hayachukui nafasi ya daktari aliyekuandikia dawa. Yanakusaidia kuelewa kinachoendelea mwilini na kujua jambo gani la kumweleza mapema. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Je, ugonjwa wa ulaji unatibiwa kwa dawa?

Tiba kuu ni chakula cha kutosha kinacholiwa kwa ratiba, mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa afya ya akili, na familia inayoshiriki, hasa mgonjwa akiwa kijana. Dawa ni msaidizi. Kwa anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili kudhoofika, hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa tiba ya ugonjwa wenyewe. Kwa bulimia, ambayo mgonjwa hula kwa wingi kisha hujitapisha au hutafuta njia nyingine ya kufidia, fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona, ina ushahidi mzuri, na dozi inayotumika, miligramu 60 kwa siku, ni kubwa kuliko ile ya kawaida ya sonona. Kwa ulaji wa kupindukia usioambatana na kujitapisha, Marekani iliidhinisha lisdeksamfetamini mwaka 2015, lakini mazungumzo ya tiba bado ndiyo msingi.

Mara nyingi dawa huandikwa kwa ajili ya magonjwa yanayofuatana na ugonjwa wa ulaji: sonona, wasiwasi mkubwa, mawazo yanayojirudia bila kukoma, au kukosa usingizi.

2. Mimi nimeandikiwa fluoksetini na mwenzangu olanzapini, ingawa wote tunatibiwa ulaji. Kwa nini?

Kwa sababu hali zenu hazifanani. Fluoksetini hupunguza vipindi vya kula kupita kiasi na kujitapisha hata kwa mtu asiye na sonona, lakini kwa mgonjwa wa anoreksia ambaye bado amekonda sana huwa haimsaidii sana, kwa sababu inayoelezwa katika swali la 4. Olanzapini, dawa ya kutuliza akili, huandikwa kwa dozi ndogo pale ambapo hofu ya chakula imekuwa kali kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuketi mezani. Inaweza kusaidia uzito kurudi kidogo, ingawa tusiitarajie ifanye miujiza.

3. Mbona maudhi yanaanza leo na nafuu inasemekana ni baada ya wiki kadhaa?

Ndivyo dawa nyingi za sonona zilivyo. Kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika na kutokwa jasho hujitokeza katika siku za kwanza na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili hivi, ilhali nafuu ya hisia huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita. Kipindi hicho cha katikati ndicho kinachowatoa watu kwenye dawa. Mtu anayejua mapema kwamba atapitia wiki ngumu huivuka kwa urahisi kuliko aliyepewa pakiti bila maelezo, na kwa maoni yetu maelezo hayo ni sehemu ya dozi.

4. Kwa nini mwili ulionyimwa chakula hupata maudhi zaidi na nafuu kidogo?

Dawa kama fluoksetini hufanya kazi kwa kuifanya serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli za ubongo. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, kirutubisho kinachotoka kwenye vyakula vya protini kama samaki, mayai, maharage na karanga. Asiyekula hana malighafi ya kutosha, hivyo dawa inakuta kidogo sana cha kufanyia kazi.

Kwa upande wa maudhi, njaa ya muda mrefu hupunguza kasi ya moyo, hushusha presha, hupunguza protini za damu zinazobeba dawa, na huvuruga chumvi za mwili. Dozi ambayo mtu mwenye afya huimeza bila shida inaweza kumfanya mgonjwa aliyekonda aanguke anaposimama asubuhi. Ndiyo sababu daktari makini huanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu.

Njaa yenyewe huleta dalili za akili. Kati ya mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea huko Minnesota, Marekani, kupunguziwa chakula kwa miezi chini ya usimamizi wa Ancel Keys. Wengi wakawa na huzuni, hasira, kujitenga, na kuwaza chakula mchana kutwa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu dawa au kuiongeza, jiulize kwanza mgonjwa amekula nini wiki hii.

## Uzito, hamu ya kula na tumbo

5. Je, dawa hii itaninenepesha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya mama au dada kutoka nje ya chumba, na linastahili jibu la kweli. Olanzapini inaweza kuongeza hamu ya kula na uzito, na ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha sukari na mafuta ya damu. Amitriptilini na mitazapini, ambazo ni dawa za sonona, na valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, pia zinaweza kuongeza uzito. Fluoksetini kwa kawaida haiongezi mwanzoni, na kwa baadhi ya watu hupunguza hamu ya kula katika wiki za kwanza, jambo ambalo kwa mgonjwa wa ulaji si zawadi bali ni hatari ya kufuatiliwa.

Lakini kwa mtu aliyekonda kwa kujinyima, uzito unaorudi anapoanza kula ugali, wali na sato kama wengine ni mwili unaojenga upya misuli, mifupa na moyo. Ungerudi hata bila kidonge. Dawa ikilaumiwa kwa uzito huo, mgonjwa huitupa, na pamoja nayo hutupa utulivu uliokuwa umeanza kupatikana. Mwambie daktari waziwazi kwamba unaogopa uzito. Anaweza kuchagua dawa isiyoongeza sana, kupanga lini dozi itaangaliwa upya, na kukubaliana nawe kama utaoneshwa namba za mizani au la.

Kwa ndugu na majirani: huku kwetu kumwambia mtu "umenenepa, umependeza" ni salamu ya heri, na kumwambia "mbona umekonda hivyo?" ni kumjali. Kwa mgonjwa huyu zote mbili huumiza, na ya kwanza inaweza kumfanya aruke chakula cha jioni hiyohiyo. Msifuni kwa jambo lingine.

6. Tangu nianze kula na kunywa dawa, miguu na uso vimevimba. Ni dawa?

Mara nyingi si dawa. Mtu aliyekuwa akijitapisha au kutumia dawa za kuharisha anapoacha, mwili uliozoea kupoteza maji huyashikilia kwa muda, na uvimbe wa miguu hutokea hata kwa anayeanza tu kula baada ya njaa ndefu. Kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya wiki chache. Usinunue dawa za kukojoza ili "kutoa maji", kwani huvuruga chumvi za mwili na kurudisha tatizo.

Uvimbe unaoambatana na kuhema, udhaifu mkubwa au kuchanganyikiwa katika siku za mwanzo za kula ni jambo jingine. Chakula kikirudi kwa kasi kwa mtu aliyedhoofika sana, fosfeti, potasiamu na magnesiamu katika damu zinaweza kushuka ghafla, na hali hiyo huua. Mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kuanza kulishwa chini ya uangalizi wa hospitali, akipewa pia vitamini B1.

7. Fluoksetini inanitia kichefuchefu na nashindwa kula. Nifanyeje?

Imeze asubuhi pamoja na chakula, hata kama ni uji mzito na kipande cha kiazi, na ugawe milo kuwa midogo ya mara kwa mara badala ya kuruka. Kichefuchefu kikizidi wiki mbili, au kikikufanya ukose milo, rudi kwa daktari apunguze dozi kwa muda au abadilishe dawa. Jihoji pia kwa uaminifu: je, kichefuchefu kinakuzuia kula, au ugonjwa umekipata kisingizio? Huhitaji kulijibu peke yako; lipeleke kwa anayekutibu.

8. Sipati choo na tumbo limejaa. Naweza kununua dawa ya kulainisha?

Tumbo la mtu aliyejinyima chakula hufanya kazi polepole. Chakula kidogo hukaa muda mrefu, na hisia ya kujaa huja baada ya vijiko vichache. Amitriptilini, klopromazini, olanzapini na benzeksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, huongeza ugumu huo kwa sababu hupunguza mwendo wa utumbo. Mambo mawili yanakutana, na mgonjwa anatafsiri kujaa kwa tumbo kuwa ni unene.

Dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti, pamoja na majani na mizizi ya "kusafisha tumbo" inayotembezwa sokoni, zisiguswe. Haziondoi unene wowote. Huondoa maji na potasiamu, na utumbo ukizizoea hulegea zaidi. Kinachosaidia ni kula kwa ratiba bila kuacha, maji ya kutosha, papai, maharage na mboga kwa kiasi, na kutembea polepole ikiwa daktari ameruhusu. Hali isipobadilika, mweleze daktari historia yako yote ya dawa za kuharisha ili achague kilainishi kisichochochea utumbo kwa nguvu na apange siku za kukitumia. Siku kadhaa bila choo, zikiambatana na maumivu makali na kutapika, ni safari ya hospitali.

9. Nimejitapisha baada ya kumeza dawa. Nimeze nyingine?

Usirudie dozi kwa kukisia. Fluoksetini hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo dozi moja iliyopotea haileti shida kubwa. Subiri ya kesho. Lithiamu, dawa ya kuzuia hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, isirudiwe kabisa, na kutapika kwenyewe ni sababu ya kuwasiliana na daktari siku hiyohiyo (swali la 11). Ikiwa hujitapisha zaidi saa fulani za siku, mwambie daktari ahamishie dozi saa ambayo huwa umetulia. Hakuna haja ya aibu. Asipojua, ataongeza dozi akidhani dawa ni dhaifu.

## Moyo, damu na dawa zinazogongana

10. Kwa nini nilipimwa umeme wa moyo na damu kabla ya kupewa kidonge cha usingizi?

Kujitapisha na kuharisha hushusha potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Baadhi ya dawa za akili, zikiwemo haloperidoli, klopromazini, amitriptilini na sitalopramu, hurefusha muda ambao moyo huchukua kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kila moja peke yake inaweza kuvumilika. Zikikutana, moyo unaweza kusimama ghafla kwa mtu ambaye jana alionekana mzima. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka kikomo cha miligramu 40 kwa siku kwa sitalopramu kwa sababu hii.

Kituo cha karibu nawe kikikosa kipimo hicho, omba rufaa. Hospitali ya Bugando na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure ndizo zinazopokea rufaa nyingi za jijini. Mwambie anayekupima kwamba huwa unajitapisha, kwa sababu mapigo yanaweza kuonekana sawa siku potasiamu iko sawa.

11. Kuna dawa zisizofaa kabisa kwa mgonjwa wa ulaji?

Bupropioni haipaswi kutumiwa na mtu mwenye bulimia au anoreksia, au aliyewahi kuwa nazo, kwa sababu huongeza hatari ya degedege. Lithiamu haijakatazwa moja kwa moja, lakini kwa mtu anayetapika, anayeharisha au anayebadilisha ghafla kiasi cha chumvi anachokula, hupanda katika damu hadi kuwa sumu: mikono hutetemeka sana, mwendo unayumba, maneno yanavutika. Amitriptilini ni ya bei nafuu na inapatikana kwa urahisi, ila ni hatari sana ikizidishwa. Kwa mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua, ndugu aitunze na kuigawa.

12. Nikiugua malaria, naweza kunywa mseto pamoja na dawa zangu?

Kwa ukanda wa ziwa hili si swali la pembeni. Malaria lazima itibiwe, na usiache kutibiwa kwa kuogopa mgongano. Lakini lumefantrini iliyomo kwenye mseto inaweza kugusa umeme wa moyo na kupandisha kiwango cha amitriptilini katika damu, na kwinini hugusa moyo zaidi. Mwoneshe anayekupima malaria vidonge vyote unavyotumia, na umweleze kama umekuwa ukitapika.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mseto huingia vizuri mwilini ukimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Mgonjwa wa ulaji anayeogopa mafuta, akaumeza na maji matupu, anaweza kumaliza dozi zote sita kwa siku tatu na malaria isipone sawasawa. Kikombe cha maziwa kabla ya kila dozi hapa ni sehemu ya tiba ya malaria, na mlezi anaweza kukisimamia hivyo bila mabishano ya uzito.

13. Vipi kuhusu dawa za maumivu na pombe?

Diklofenaki na aibuprofeni pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, hasa kwa tumbo lililochubuliwa na kutapika. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida ni salama zaidi, ila mtu aliyekonda sana aulize dozi inayomfaa. Tramadoli pamoja na fluoksetini inaweza kuleta degedege na msisimko hatari wa serotonini: homa, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Pombe, iwe bia au gongo, iepukwe.

14. Dalili zipi zinipeleke hospitali usiku huohuo?

Kuzimia au moyo kwenda mbio bila mpangilio, kutapika damu, degedege, kuchanganyikiwa, shingo au taya kukakamaa, homa kali pamoja na misuli migumu, upele unaoambatana na kuvimba midomo, dalili za sumu ya lithiamu, na mpango wowote wa kujiua. Usingoje kliniki ya Jumatatu. Beba pakiti za dawa zote.

## Akili, usingizi na hedhi

15. Binti yangu hawezi kukaa tangu aanze dawa. Anatembea uani usiku kucha. Ni ugonjwa au ni dawa?

Huenda ni dawa, na hili hukosewa mara nyingi. Haloperidoli na dawa za jamii yake, na wakati mwingine hata fluoksetini, zinaweza kuleta hali ambayo mgonjwa anahisi ndani ya miguu msukumo usiovumilika wa kusogea. Mgonjwa wa anoreksia naye hutembea na kufanya mazoezi kwa kulazimika ili kupunguza uzito, hivyo familia hudhani amerudi kwenye tabia ile ile na kumgombeza.

Muulize: "Mwanangu, unatembea kwa sababu unataka, au kwa sababu huwezi kutulia?" Mwenye tatizo la dawa kwa kawaida huchukia kutembea huko, huhamahama hata akiwa amekaa, na hali ilianza siku chache baada ya dozi mpya au iliyoongezwa. Mrudishe kwa daktari upesi, kwa kuwa mateso haya yanaweza kumsukuma mtu kujidhuru, nayo hupungua dozi ikirekebishwa au dawa ikibadilishwa.

16. Ni kweli dawa za sonona zinaweza kuleta mawazo ya kujiua?

Kwa watoto na vijana, mwanzoni mwa tiba na dozi inapobadilishwa, hatari hiyo huongezeka kwa wachache. Marekani iliweka onyo rasmi mwaka 2004 na kulipanua mwaka 2007 lihusu vijana hadi miaka 24. Haina maana kwamba dawa isitumike, kwani sonona isiyotibiwa nayo huua. Maana yake ni kwamba wiki za kwanza kijana asiachwe peke yake na pakiti nzima, aonane na mhudumu mapema, na aulizwe waziwazi kuhusu mawazo hayo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua.

17. Dawa inanilaza mno. Naweza kuendesha pikipiki au kwenda ziwani?

Si katika siku za kwanza za olanzapini, klopromazini au amitriptilini, wala baada ya dozi kuongezwa. Anayevua dagaa usiku kwa taa amweleze daktari ratiba yake, kwa sababu kusinzia kwenye mtumbwi ni hatari, na mtu anayelala mchana anahitaji saa tofauti ya kumeza. Klopromazini pia huifanya ngozi iungue haraka juani. Kofia na mikono mirefu visaidie.

18. Nimepata uzito lakini hedhi haijarudi. Je, bado sijapona?

Haloperidoli, klopromazini na risperidoni zinaweza kupandisha homoni ya prolaktini, ambayo husimamisha hedhi na wakati mwingine kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha. Kwa hiyo kipimo ambacho familia nyingi hukitegemea kujua kama mwili umepona kinaweza kufichwa na dawa. Omba kipimo cha damu. Kukosa hedhi hakuzuii mimba, na valproeti ni hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Msichana anayeitumia azungumze na daktari kuhusu dawa mbadala na uzazi wa mpango.

19. Ninaloa jasho usiku. Ni fluoksetini?

Inawezekana, na hata mwili unaoanza kula tena huchoma nishati kwa kasi na kutoa jasho. Lakini hapa petu jasho la usiku ni pia dalili ya malaria na kifua kikuu, na mwili uliodhoofika huvipata kwa urahisi. Pima kwanza.

## Maisha ya kila siku

20. Naweza kufunga Ramadhani au Kwaresima nikiwa kwenye dawa?

Kwa aliye katikati ya kupona, kufunga chakula ni hatari hata bila dawa, na kwa anayetumia lithiamu upungufu wa maji ni hatari ya ziada. Dini zote mbili zinampa mgonjwa nafasi ya kutofunga. Zungumza na sheikh au padri wako mapema. Wengi hupata faraja wakisikia ruhusa hiyo kutoka kwake badala ya kutoka kwa mama peke yake.

21. Ninaishi Ukerewe na dawa zimeisha kabla ya tarehe ya kliniki. Je, nikikaa wiki moja bila dawa?

Inategemea dawa. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, hivyo siku chache kwa kawaida hazileti mshtuko. Ukiacha ghafla amitriptilini au dawa nyingine za sonona unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Ukiacha ghafla valproeti au dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, unaweza kupata degedege. Usiazime vidonge vya jirani hata kama rangi inafanana. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na cheti na pakiti tupu, waombe wawasiliane na kliniki yako, na siku ya kliniki omba akiba ya kutosha kufidia siku ambazo usafiri wa majini hukwama.

22. Nimepata athari ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya dawa. Nimwambie nani?

Mwambie daktari au mfamasia wako, naye anaweza kutuma taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mgonjwa mwenyewe pia anaruhusiwa kuripoti. Andika jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, siku uliyoanza kuitumia, siku dalili zilipoanza, na dawa nyingine zote ulizomeza kipindi hicho, zikiwemo za mitishamba.